Sabufa ndogo kando ya meza: shajara ya mradi, Mkomani, Lamu

Jumapili

Kazi yangu ni video za harusi, upande wa akina mama: kupamba, hina, ngoma za ndani. Picha za kupamba hazipiti mikononi mwa wanaume, kwa hiyo kurekodi narekodi mimi, kukata nakata mimi, na sauti naipanga mimi hapahapa ghorofani. Spika zangu za mezani ni jozi ya koni za inchi 4, amplifaya yake iko ndani. Sauti ya mtu zaitoa safi, na ala ya udi karibu yote. Zikishuka chini ya 80 Hz, yaani mitetemo 80 kwa sekunde, zinaanza kuishiwa, na huko ndiko yanakokaa mambo mawili yanayoniamulia kazi: mdundo wa vumi, ile ngoma nene, na upepo wa kusi ukishaingia kwenye maiki.

Siku ya kuonyesha video wenye shughuli hukodi maspika marefu kama makabati. Lolote lililojificha huku chini hutoka hadharani. Vumi likizidi, maneno ya nyimbo hayasikiki. Upepo ukiachwa, ukumbi mzima unanguruma bibi harusi anapoingia. Hedifoni ninazo, na kwa kusaka mikwaruzo sioni kinachozishinda, lakini besi ya hedifoni haipigi kifuani, na kwa joto letu masikio huloa mapema.

Basi nimeamua. Sabufa ndogo, yaani spika ya besi peke yake, ya kukaa sakafuni kando ya meza. Sitaki ya kutikisa nyumba, nataka ya kunionyesha kilichomo.

Madukani zimejaa seti za sabufa zenye redio, rimoti na taa za rangi. Za sebuleni ni sawa, ila kwa kazi hii nyingi nilizozisikiliza zina kasha lenye tundu lililopangwa ili sehemu moja ya besi ivume kuliko nyingine, na kila wimbo unatoka na mdundo uleule. Ninachotafuta ni kasha lililozibwa pande zote. Hilo hupungua taratibu kadiri sauti inavyoshuka, 12 dB (desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa kila okteva, yaani kila masafa yakipungua nusu, ilhali lenye tundu likishapita kiwango lilichopangiwa huporomoka kwa 24. Lililozibwa pia hunyamaza upesi ngoma inapokatwa, na mimi mwisho wa pigo naujali sawa na mwanzo wake. Kishindo chake ni kidogo kwa ukubwa wake. Kwa chumba nilicho nacho hiyo si hasara.

Jumatano

Imefika. Mtumba kutoka Mombasa, shilingi 14,000, koni ya inchi 6.5, amplifaya ya daraja D imefungwa mgongoni. Ilikuja na basi hadi Mokowe, gati ya upande wa bara, kisha kaka yangu akaivusha kwa boti ikiwa imeviringishwa turubai, maana maji ya chumvi yakirukia kwenye amplifaya habari yake imekwisha. Kasha lenyewe halifiki sentimita 30 kila upande, ila uzito wake si mchezo.

Nikiwa bado sijaitia stima niliikagua. Ringi inayoshika koni ni ya mpira. Ingekuwa ya sponji nisingeinunua, sponji kwa unyevu wa pwani huoza ikawa unga. Kisha nikaikandamiza koni kwa vidole, polepole, pande zote kwa nguvu moja. Ukisikia mkwaruzo hapo, koili imepinda na hiyo sabufa ni ya spea. Hii iliteleza kimya. Soketi za RCA, zile za duara za waya wa sauti, nyuma zilikuwa zimeshika kutu ya kijani. Spiriti na pamba, kuchomeka na kuchomoa waya, mpaka zikang'aa.

Bibi wa chini alinikuta ngazini nikiipandisha.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hilo dogo ndilo la kupiga kelele?"

"Si la kelele, bibi. Ni la kusikizia."

"Haya. Tutasikia sote."

Alhamisi usiku

Waya. Kompyuta inatoa sauti kwa kadi ya nje ya USB. Kutoka kwenye kadi, jozi ya RCA inaingia kwenye sabufa, na kutoka kwenye sabufa jozi nyingine inaendelea hadi spika. Nilisubiri sana nipate sabufa yenye soketi za kuingilia na za kutokea kwa sababu ya kichujio kilicho ndani yake: kinaondoa besi chini ya 80 Hz kabla sauti haijafika kwenye spika. Wengi huiunga sabufa pembeni tu na kuziacha spika zipige kama zilivyokuwa. Zitapiga, lakini koni ndogo inateseka bure. Kwa ukubwa uleule wa sauti, kila ukishuka okteva moja koni inatakiwa itembee mara nne zaidi. Kutoka 80 hadi 40 Hz, mara nne. Koni ya inchi 4 haina nafasi hiyo. Nilipoiondolea mzigo, kitufe cha sauti ya sabufa kikiwa bado sifuri, tayari waimbaji walisikika wametengana, kila mmoja mahali pake. Kama ningeishia hapo tu ningekuwa nimepata faida.

Nikafungua kitufe. Ukaja mngurumo, mmmm, hata pasipo kitu kinachochezwa. Stima ya Kenya ni 50 Hz, na mngurumo wa waya ni hiyo 50 pamoja na 100. Sabufa ndiyo ya kwanza humu chumbani yenye uwezo wa kuutoa. Nikachomoa RCA, kimya. Kumbe mashine ni nzima, ila njia ya ardhi imekuwa mbili. Kompyuta ilikuwa kwenye soketi ya ukuta mmoja, sabufa kwenye soketi ya ukuta wa pili, kila moja na waya wake wa ardhi, halafu ngao ya waya wa RCA ikaziunganisha tena huku kati. Nikavikusanya vyote kwenye ekstensheni moja, soketi moja: kompyuta, skrini, spika, sabufa. Umebaki mnong'ono ambao nausikia nikitia sikio kwenye koni tu.

Kuna mafundi watakaokuambia ukate pini ya ardhi na mngurumo utakwisha. Utakwisha, kweli. Na siku waya wa moto utakapogusa bati la mashine, pini hiyohiyo ndiyo ingekuzuia kurushwa. Ukishakusanya kila kitu mahali pamoja na bado kunanguruma, tafuta transfoma ndogo za kutenganisha, zile zinazokaa katikati ya waya za RCA. Plaizi iweke mbali.

Jumamosi

Chumba. Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo nyumba yenyewe inapotia neno.

Katika nyumba za mawe za mji wa kale, upana wa chumba umeamuliwa na boriti. Miti ya mikoko ya kubeba dari ina kikomo cha urefu, kwa hiyo chumba huwa chembamba, mita tatu au chini ya hapo, kisha kikanyooka. Changu kina upana wa mita 2.7, urefu 5.8, na dari iko mita 3.3. Kuta ni za matumbawe na chokaa, nene karibu nusu mita. Ukuta mwembamba wa mbao au jasi hutikisika na kumeza sehemu ya besi. Ukuta wa matumbawe haumezi kitu. Unachoupa unakurudishia, na besi inayorudi inakutana na inayokwenda.

Hesabu ni nyepesi. Kwa joto la nyuzi 28 sauti hukimbia kama mita 348 kwa sekunde. Zigawanye kwa mara mbili ya kipimo cha chumba, unapata masafa yatakayovuma baina ya kuta mbili zinazotazamana. Urefu unanipa 30 Hz, na mvumo wake wa pili ni 60. Upana unanipa 64. Sakafu na dari, 53. Angalia 60 na 64 zilivyobanana. Kamba nene ya udi ikifungwa C ni 65 Hz, na vumi hupita hapohapo. Yaani chumba changu kina ugonjwa mahali hasa ninapotaka kusikia vizuri.

Kwanza niliiweka kwenye kona, kwa kuwa ndiko kwenye nafasi, na pia nilitaka kuuona huo ugonjwa. Kona huamsha mivumo yote kwa mpigo. Nikacheza mlio unaopanda polepole kutoka 30 hadi 120. Ulipokaribia 60 chumba kikafura. Kwenye kidaka cha juu nina bakuli la kaure la marehemu nyanya. Likaanza kutetemeka juu ya kitako chake, tiriri, tiriri, huku likisogea unywele kwa unywele kuelekea ukingoni. Nikazima mbio. Sasa limekalia kipande cha kitambaa cha sufi, na vikombe vilivyo pembeni yake nimeviondoa. Mwenye zidaka ukutani avikague kwanza kabla ya kuilaumu spika, maana kila kinachotetemeka hutoa mlio wake mwenyewe na sikio linadhani koni imechanika.

Kisha njia ya kutambaa, inayojulikana na kila mwenye sabufa duniani na bado ina kazi. Sabufa unaipandisha pale unapokaa, nawe unatambaa sehemu zote inapoweza kuwekwa, ukisikiliza. Njia ya sauti kutoka hapa kwenda pale ni ileile ukiigeuza, kwa hiyo mahali utakaposikia vizuri ndipo pa kuiweka. Nikaiweka kwenye kiti, nikafunga leso vizuri kiunoni, nikatambaa juu ya mkeka kando ya ukuta mrefu, sikio karibu na sakafu, huku nikicheza kipande cha ngoma nilichokirekodi mwenyewe. Kwenye kona kilikuwa kishindo kimoja kinene kisicho na mwisho. Nilivyosogea mapigo yakaanza kuachana. Mtoto wa jirani akachungulia mlangoni, "Shangazi, umepoteza nini?" Nikamwambia nimepoteza besi. Akanisaidia kutafuta chini ya meza.

Mahali fulani vumi likawa linapiga na kukoma, linapiga na kukoma, na kati ya pigo na pigo nasikia kiganja kikiinuka ngozini. Nikavuta futi: mita 1.4 kutoka ukuta mfupi. Robo ya urefu wa chumba ni 1.45. Mvumo ule wa 60 una nguvu kwenye kuta mbili za mwisho na katikati ya chumba. Kwenye robo haupo. Nami meza yangu iko katikati ya ukuta mrefu, yaani nimeketi palepale unaposikika zaidi. Meza siwezi kuihamisha, dirisha liko hapo. Lakini sabufa ikikaa robo, mvumo hauamki, na usipoamka sina cha kusikia. Upande mwingine wa kukaa katikati ni kwamba 30 Hz haifiki kwangu kabisa. Koni ya inchi 6.5 iliyozibwa huko yenyewe inakwenda kwa kujikongoja, kwa hiyo silii.

Jumatatu

Ujumbe kutoka chini: "Mwanangu, nyimbo sina neno nazo, ila kitanda changu chapigwa miguu."

Kasha lilikuwa limekaa moja kwa moja juu ya sakafu ya chokaa kwa miguu ya plastiki. Nikakata vipande vya ndara kuukuu nikaviweka chini ya kila pembe, viwili viwili. Ndara kwenye fukwe zetu hazikosekani. Jahazi la Flipflopi, lililojengwa hapa Lamu kwa plastiki zilizookotwa na kushushwa majini mwaka 2018, lilivalishwa kama ndara 30,000. Yangu ni mahitaji madogo. Mpira unapunguza mtikisiko wa kasha kuingia sakafuni, na bibi amethibitisha kwamba kitanda kimetulia. Sauti inayopita hewani mpira hauizuii; kwa hiyo tumekubaliana kwamba saa tatu usiku ikigonga, sabufa inazimwa nami nahamia hedifoni.

Jumanne

Krosova, yaani mpaka ambapo spika huachia na sabufa hupokea. Sabufa haiko katikati yangu, iko kushoto, karibu mita moja na nusu kutoka nilipoketi. Sauti za chini sana sikio halijui zinatoka wapi. Ukipanda kuelekea 100 na zaidi linaanza kunyoosha kidole. Nilijaribu 120 nikasikia sauti nene ya kiume ikitoka miguuni pangu upande mmoja, kitu kisichopendeza. Kwenye 80 ikayeyuka ndani ya spika. Ni kiwango kilekile walichokichagua THX, kampuni ya viwango vya sauti, kwa sinema za nyumbani, na kichujio cha kwenda kwenye spika nacho ni 80, basi nikakubali bila ubishi.

Fezi, yaani kama koni ya sabufa na za spika zinasukuma pamoja au kinyume. Kuna swichi ya 0 na 180. Spika ziko sentimita 80 hivi kutoka masikioni, sabufa mita 1.7. Wimbi la 80 Hz lina urefu wa mita 4.35, kwa hiyo tofauti hiyo ya njia ni kama sehemu moja ya tano ya wimbi, si ndogo na si kubwa. Badala ya kukokotoa nikacheza mlio wa 80 bila kukata na kumwomba mdogo wangu aigeuze swichi, bila kuniambia ameiweka wapi. Upande mmoja mlio ulijaa, upande wa pili ulinywea. Uliojaa ulikuwa 0. Tumemaliza.

Kiwango cha sauti ndicho kinachotaka subira. Nilianza sifuri, nikapandisha mpaka nikajua kuna sabufa, kisha nikarudisha nyuma mpaka nisijue. Nikiizima ndipo chumba kinakuwa chembamba. Nimetia tone la rangi ya kucha kwenye kitufe cha sabufa na jingine kwenye kitufe cha kadi, na hapo hapaguswi. Si ushirikina. Tangu watafiti wa sauti Fletcher na Munson walipochapisha vipimo vyao mwaka 1933 inajulikana kwamba sikio hupoteza besi haraka sauti inapopunguzwa. Ukihariri kwa sauti ya chini utaongeza besi kufidia, na kwenye maspika ya ukumbini hiyo nyongeza itakuja kukudai. Kazi ya kupima besi naifanya kwenye tone la rangi au siifanyi.

Alhamisi

Vipimo, kwa Room EQ Wizard, programu ya kupima chumba ambayo ni ya bure, na maiki ya rekoda yangu ya shambani. Hiyo maiki si ya maabara, lakini mahali pamoja, kimo kimoja, inatosha kulinganisha jana na leo. Ya simu nimeiacha, huko chini siiamini. Kupima Lamu kuna ratiba yake: unasubiri adhana imalize, mashua zitulie, halafu mlio unapofika katikati punda wa uchochoroni anaamua kutoa maoni. Unaanza upya.

Mlima wa 60 umeondoka. Umebaki wa 64, ule wa upana, kwa sababu sabufa imeegemea ukuta mrefu na hapo huo mvumo unaamka wote. Huo nimeukata 5 dB kwa Equalizer APO, programu ya kurekebisha sauti ya kompyuta, kichujio chembamba, basi. Kwenye 30 kuna shimo, nalo sikulijaza. Shimo la chumba ukilijazia nguvu, chumba kinaila hiyo nguvu na amplifaya inachoka bure. Ya juu unakata, ya chini unaiacha.

Jioni nikafungua kazi yenyewe: ngoma ya akina mama iliyorekodiwa Shela, kijiji cha jirani, nusu ndani ya nyumba, nusu ufukweni kusi likivuma. Kwa spika peke yake njia ya salama ilikuwa kukata kila kitu chini ya 100 Hz kwenye kila trakti, yaani kila mkondo wa sauti uliorekodiwa. Upepo unakwisha na vumi linabaki kama mtu anagonga mlango. Sasa nausikia upepo peke yake: hauna mwanzo mkali, unavimba na kupungua, wakati vumi lina ncha. Trakti ya maneno nimeikata 90. Trakti ya ngoma nimeiacha hadi 40, na kwenye dharuba tatu nzito nimeshusha kwa mkono, kila moja mahali pake, pigo la jirani likabaki zima. Kuna dakika ambapo mpigaji anahama kutoka katikati ya ngozi kwenda ukingoni. Rekodi hiyo nimeshaisikiliza sana, na hilo la kuhama sikuwa nalo kabisa hadi leo. Chini ya shairi la mwisho kuna injini ya boti, mbali, ikipita. Nimeipunguza, sikuiondoa yote; ukiiondoa kabisa sauti ya mama anayesoma inakonda.

Jumamosi iliyofuata

Yaliyobaki ni madogo. Sabufa ina hali ya kulala yenyewe sauti ikipungua, na ikiamka inachelewa, kwa hiyo pigo la kwanza baada ya kimya linapotea. Kwa mhariri hiyo haifai hata kidogo. Nimeiweka kwenye hali ya kuwaka daima, na naizimia kwenye ekstensheni. Ikishazimwa naifunika leso kwa ajili ya hewa ya chumvi. Ikiwaka leso inatoka, bati la mgongoni linataka kupumua, na nimeiacha nafasi ya kiganja kati yake na ukuta.

Waya za RCA nilizotumia ni fupi, zimekaza, na punje ya mvuto itachomoa soketi. Nimeagiza za mita 3, zenye ngao nzuri. Kaskazi likianza madirisha yatakaa wazi mchana kutwa, na besi itatoka nje kwa kipimo kingine, kwa hiyo ule mkato wa 64 nitaupima tena wakati huo. Huenda ukahitaji 3 badala ya 5.